Kiwavi Aliyebeba Mgongoni

Kaeni vizuri, ndugu zangu. Mwenye mtoto ampakate, na ninyi wa mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo. Leo, kabla hatujafika mbali, tupite kidogo kwenye bustani ya mama mmoja. Msiniulize ni mama gani wala wa kijiji kipi. Mkianza kugeuza shingo na kutazamana, nitajua kuna mtu amejihisi.

Mama huyu aliishi mlimani, kule ambako ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi, na alikuwa bingwa wa nyanya. Simpambi. Kila ilipofika Sikukuu ya Mavuno, watu walileta mbele ya madhabahu mahindi, ndizi na kuku waliofungwa miguu, lakini kikapu cha mama huyu kilijulikana hata kabla hakijafunuliwa. Nyanya zimefutwa moja moja kwa kitambaa, zimepangwa, nyekundu mpaka mchungaji anapotea mstari katikati ya sala. Naye mama ameketi benchi la pili, macho chini, mnyenyekevu kabisa, ila masikio yamesimama kusikia nani anasema nini.

Mwenye nyanya lakini ana adui. Ninyi mnaolima mnamjua: yule kiwavi wa kijani, mnene kama kidole gumba, mwenye pembe. Na pembe yenyewe, kwa ajabu za Mungu, haiko kichwani, iko mkiani! Mche umeuacha jioni umejaa majani, asubuhi unakuta kijiti. Mama alimchukia kiwavi huyu kuliko mwizi wa kuku. Kila siku, umande haujakauka, utamwona na kopo lake la maji ya sabuni, anapita mche kwa mche, anachungulia chini ya majani, anamng'oa mmoja anatumbukiza, anamng'oa mwingine anatumbukiza.

Sasa nisikilizeni hapa. Mara nyingine alikuta kiwavi amebeba vitu mgongoni. Vitu vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vimesimama wima, ishirini, thelathini, juu ya kiwavi mmoja. Marehemu mama yake alimfundisha tangu angali msichana: "Hayo ni mayai. Kila punje ni kiwavi wa kesho. Ukiingia bustanini, aliyebeba mgongoni aanze yeye." Basi miaka thelathini, aliyebeba mgongoni alianza yeye. Wala hakupata hata heshima ya kopo. Huyo alikanyagwa, akasagwa na kisigino mpaka ardhi ikawa na doa.

Miaka thelathini, ndugu zangu. Na kila mwaka viwavi walikuja.

Mama alikuwa na kijana mmoja tu wa kiume, dereva wa greda. Kijana akaenda kutengeneza barabara huko bondeni, kwenye nchi ya mpunga, akarudi na mchumba. Harusi ikafanyika, watu wakala, wakacheza. Haukupita mwezi, kijana akaitwa kazini. Akamwacha mkewe kwa mama yake.

Kwa watu wa mlima ule kulikuwa na desturi. Mke mpya huitwa mgeni. Hata akipika, akifagia, akichota maji, ni mgeni. Mama mkwe humkatia matuta matatu ya bustani ayatunze, na siku ya Mavuno, mbele ya watu wote, humtwika kikapu. Akishakitua pale madhabahuni, ugeni umekwisha, sasa ni mtoto wa nyumba. Lakini mambo yakiharibika kabla ya hapo, huitwa mshenga, yule yule aliyepeleka posa, amchukue binti amrudishe kwao akafundwe upya. Na mnajua wenyewe: wanaorudishwa kufundwa, wengi hawaonekani tena.

Basi binti huyu akapewa matuta yake matatu ya nyanya. Hakuwahi kulima nyanya. "Ninyi watu wa mpunga," mama mkwe akamtania, "mnajua kufukuza ndege tu! Utaifukuza nyanya?"

"Nitajifunza, Mama," binti akasema, akacheka huku ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Tuseme ukweli, mama alikuwa ameshaanza kumpenda. Hakusema. Kwani sisi wazazi tunasema? Lakini jino lake la nyuma lilikuwa linamsumbua, na bila kuambiwa na mtu, binti akaanza kumpikia uji wa ulezi mwepesi, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, ndipo akamletea. Mama akawa anaunywa uji ule akitazama kwingine, mtu asimwone uso.

Mwaka huo viwavi wakaja kwa fujo. Mama akachukua kopo, akampa na mgeni kopo lake, akamwonyesha kazi. Na akamfundisha kama alivyofundishwa: "Aliyebeba mgongoni aanze yeye."

Siku za mwanzo binti alitii. Halafu mama akaanza kuona mambo. Kwenye matuta ya mgeni, viwavi wa kawaida walikuwa wakitolewa vizuri kabisa, lakini waliobeba mgongoni walikuwa pale pale, wamening'inia kwenye majani. Akajiambia labda binti anaogopa kuwashika. Ni mtoto wa mpunga, mwache. Akawakanyaga yeye mwenyewe, akanyamaza.

Jumanne moja akatoka mapema kuliko kawaida. Akamwona mkwewe anapanda njia ya chini, ile inayotoka kwa jirani. Na huyo jirani, jamani, walikuwa hawasemezani. Mwaka juzi kuku wa jirani aliparua kitalu chote cha miche. Huyu akasema, "Funga kuku wako," yule akajibu, "Zungushia uzio bustani yako," na mwisho wa maneno ukawa hapo. Kuku mwenyewe aliliwa Krismasi ile ile. Ugomvi ukabaki hai.

Binti anatoka kwa jirani, upindo wa kanga umefungwa fundo, ndani mna kitu. Mama akajibanza nyuma ya mgomba. Akamwona mkwewe anaingia bustanini, si kwenye matuta yake matatu tu, hata kwenye matuta ya mama. Akapiga magoti. Akafungua fundo. Akatoa kiwavi. Kiwavi mkubwa wa kijani, mgongo umejaa meupe! Akamweka taratibu juu ya jani la nyanya, kama mtu anayelaza mtoto. Akatoa wa pili. Akatoa wa tatu.

Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mama alipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka zizini. "Unapanda viwavi! Kwenye bustani yangu! Unawatoa kwa yule, unakuja kuwapanda kwangu!"

Binti akainuka. "Mama, naomba nieleze. Haya si mayai. Jirani ameniambia, bwana shamba aliwaonyesha. Hivi ni vifuko vya nyigu, nyigu wadogo sana, na hao nyigu ndio wanaoua..."

"Jirani amekuambia!" Hapo ndipo binti alipoharibu kabisa. Angesema ameota angesamehewa. "Jirani huyo huyo aliyetuma kuku wake, sasa anakutuma wewe!"

Mama akaingia ndani, akachukua simu, akampigia mshenga. "Njoo umchukue mgeni wako. Nimemwona kwa macho yangu mawili anapanda viwavi."

Mshenga kule akauliza, "Anapanda nini?"

"Viwavi!"

"Mama, nimelima tangu utoto, sijasikia."

"Basi njoo usikie."

Mshenga akasema ana msiba, hawezi kutoka kabla ya Jumamosi. Jumamosi atafika. Na Jumapili yake ndiyo Mavuno.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakujitetea tena. Alisema neno moja tu: "Mama, mpaka mshenga afike, naomba unikubalie jambo moja. Mmoja wa wale viwavi tumweke chupani. Wakitoka viwavi, nitafunga mzigo mwenyewe, mshenga asipate tabu."

Mama akacheka kwa hasira. "Mweke! Mweke kumi!" Mtu mwenye uhakika wa miaka thelathini ataogopa chupa?

Wakachukua chupa pana ya jamu. Kiwavi akaingizwa humo na jani lake la nyanya, mdomo wa chupa ukafungwa kwa kipande cha chandarua kuukuu na uzi. Mama mwenyewe akaiweka juu ya kabati la vyombo, karibu na mwanga, akageuka akaenda zake.

Jumatano alipita pale kuchukua chumvi, akatupia jicho. Kiwavi yule yule, mahali pale pale. Akapita tena kuchukua sufuria asiyoihitaji. Kilichomshangaza ni jani. Halikuwa limeliwa. Kiwavi wa ukubwa ule humaliza jani kabla hujamaliza chai, na huyu ameshika jani siku nzima hajaling'ata hata kidogo. Alhamisi hivyo hivyo, na mwili umeanza kunywea. Binti yeye hakukaribia kabati. Alipika, akafagia, akapoza uji, akaleta. "Karibu uji, Mama." Mama akaunywa. Akajisikia vibaya, akajikaza, akajiambia huruma ndiyo inayoharibu nyumba.

Jumamosi asubuhi jua lilipoingia dirishani, mama akaenda kabatini. Akaisogeza chupa kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na vitu vinatembea kwenye kioo. Vyeusi, vidogo kuliko mbu, vyenye mabawa. Vile vyeupe juu ya mgongo wa kiwavi vilikuwa vimetoboka, kila kifuko kimefunguka juu, kifuniko chake kimeinuliwa pembeni kama cha sufuria. Na kiwavi mwenyewe amekauka, ganda tupu. Hapakuwa na kiwavi mwingine. Hata mmoja.

Akaibeba chupa mpaka bustanini. Akafungua uzi. Nyigu wale wakasita kidogo mdomoni mwa chupa, halafu wakaruka mmoja mmoja. Mama akamfuata mmoja kwa macho, macho yenyewe ya utu uzima, akamwona ametua juu ya kiwavi kichanga, mdogo kama kijiti cha kiberiti, anamchoma na kumtagia mayai ndani ya mwili, anahamia kwa mwingine. Kazi ile ile ambayo yeye aliifanya kila asubuhi kwa mgongo unaouma, nyigu alikuwa anaifanya bila kuitwa.

Akakaa chini pale pale kwenye tope. Miaka thelathini! Kila asubuhi alimwomba Mungu, "Bwana, niondolee viwavi hawa." Mungu akaleta msaada, akauweka mahali ambapo asingeweza kuukosa, mgongoni kwa adui mwenyewe, mweupe, unaonekana. Naye akavaa viatu akaukanyaga. Tena wa kwanza kabisa. Akalia, mama wa watu. Akalia kwa ajili ya nyigu, halafu akakumbuka leo ni Jumamosi, akalia kwa ajili ya jambo jingine.

Maana sauti ya mshenga ilishasikika uani. "Hodi hapa!"

Mama akaingia kwa mlango wa jikoni, miguu ina matope. Akamkuta binti ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa nguo ya safari. Mzigo uko miguuni, kanga imefungwa fundo. Alikuwa hajaitazama chupa. Aliogopa. Alimsikia mama anatoka mbio na chupa asubuhi, akadhani mambo yamekwisha, akafunga mzigo kama alivyoahidi.

Mshenga akakaribishwa, akapewa kiti. Akakohoa kidogo, kama wanavyokohoa washenga wenye neno zito. "Haya, mama. Nimekuja. Binti yuko hapa, na wewe uko hapa. Niambie mbele yake, maana nitaulizwa kwao. Kosa lake ni nini?"

Mama akamtazama mshenga, akamtazama binti, akatazama matope miguuni mwake.

"Kosa lake ni moja," akasema. "Amechelewa kuolewa hapa."

Mshenga akasogeza kiti mbele.

"Angekuja miaka thelathini iliyopita nisingekuwa mjinga hivi," mama akasema. Akainama, mgongo ule unaouma, akaushika mzigo wa binti, akafungua fundo kwa mikono yake mwenyewe. Akatoa nguo moja moja, akazirudisha zilipokuwa. "Mwanangu," akamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "niwekee uji. Na mshenga naye mpe, ametoka mbali."

Jioni hiyo aliteremka ile njia ya chini, ambayo mguu wake haukuikanyaga tangu mwaka juzi. Jirani alipomwona akasimama na ufagio mkononi. "Nilijua unawaua wale nyigu," jirani akaanza yeye, kabla ya salamu. "Nilitaka kuja kukuambia. Nikazuiwa na yule kuku." Mama akamjibu, "Na mimi kuku huyo huyo amenizuia." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake, kwenye Mavuno, kikapu kilikuwa kidogo kuliko miaka yote, kwa maana viwavi walishakula sana. Lakini aliyetwikwa ni binti, na anayemsaidia kukitua upande wa pili ni jirani. Na benchi la pili mtu analia waziwazi.

Mnacheka. Ni vizuri, chekeni. Sasa acheni kidogo.

Ninyi wakwe mlio hapa, na waume, na wazee wa kanisa, na mimi pamoja nanyi: ni nani leo mmeshampigia simu mshenga wake? Kila mmoja wetu ana mtu moyoni ambaye ameshamhukumu kwa macho yake mawili. Tumemwona anatoka kwa yule, tumeona amefunga kitu kwenye upindo, hatukuuliza kuna nini. Mwingine ni mtoto wako, amekuwa kimya siku hizi, unasema ana kiburi. Mwingine ni ndugu anayekuambia ukweli, unasema anakuonea wivu. Nilipofika usharika huu kulikuwa na mama mmoja kila baada ya ibada ananifuata: "Mchungaji, hapa umekosea. Mchungaji, pale umekosea." Nilimwona ni mzigo mweupe mgongoni kabisa. Nilitafuta kisigino cha kumkanyagia. Leo nawaambia, bila yeye nisingejua hata majina ya wagonjwa wenu. Sitamtaja. Ameketi pale, ameshaanza kucheka.

Sisemi mlee viwavi! Asije mtu akaenda nyumbani akasema mchungaji amekataza kutoa viwavi. Asiyebeba kitu, mama yule anaendelea kumtumbukiza kwenye kopo mpaka leo. Uovu ni uovu, utoe. Wala sisemi uamini kila unaloambiwa, maana mama hakuamini kwa maneno. Aliamini kwa chupa. Nasema hivi: kabla hujamkanyaga, mpe siku nne. Mweke mahali penye mwanga. Tazama kama jani linaliwa au haliliwi. Tazama nani anapoza uji wako.

Na neno la mwisho, mlichukue hili. Mama yule hakuokolewa na hekima yake, kwa sababu simu alishapiga. Hakuokolewa na upendo, maana upendo alikuwa nao na akaukaza moyo juu yake. Aliokolewa na kitu kimoja: mshenga alikuwa na msiba, akachelewa siku nne.

Sisi je? Sisi ambao mshenga wetu alifika siku ile ile? Tuliomtoa mtu asubuhi, na msaada ungetoka jioni? Wengine tunajua majina yao. Wengine hawako mbali hivyo, njia ya kwenda kwao ipo, ni ile ya chini tu, imeota nyasi.

Basi leo wimbo wa mwisho usikuzuie. Kama fundo la mzigo wa mtu ulilifunga wewe, nenda ukalifungue. Naye Mungu aliyetangulia bustanini kabla yetu, atangulie na kwenye njia hiyo. Simameni tuombe.